Ile Moja Niliyoikosa

Mwaka 1994, mtaani kwetu Tanga, mtoto aliyeshika shilingi 20 hakuhitaji kuulizwa anakwenda wapi. Kwa Mangi ilikuwa imeingia bablish mpya, na ndani ya karatasi yake mlikuwa na kipicha cha mchezaji mpira, hakizidi kiberiti kwa ukubwa, chenye namba kwenye kona. Namba zilikwenda hadi 24. Bablish yenyewe ilikuwa ya hovyo: dakika tatu utamu umeisha, unabaki unatafuna kitu kama soli ya kandambili. Hakuna aliyejali. Tulifungua, tukachomoa picha, na bablish tukaitia mdomoni kwa sababu tu kuitupa kungekuwa kufuru.

Mimi nilifikisha 23. Iliyonishinda ni namba 7, golikipa. Wala si mimi peke yangu, mtaa mzima hakuna aliyemtia machoni. Tulibadilishana, tuliibiana, tulicheza kamari ya kupuliza picha zigeuke, na golikipa hakutokea. Kuna aliyesema kamwona kwa mtoto mmoja wa Ngamiani, tukaenda Ngamiani kwa miguu, tukakuta ni uongo. Siku moja nikatumwa mafuta ya taa, chupa nzima. Nikanunua robo tatu, iliyobaki ikaishia kwa Mangi. Usiku ule chemli ilizimika mapema. Mama akaitikisa, akauliza, "Haya mafuta siku hizi yananywewa na nani?" Mimi nimelala kifudifudi, najifanya nakoroma, na mfukoni nina namba 3 nyingine, ambayo tayari nilikuwa nazo tano.

Kisa hiki nilikaa nacho karibu miaka 30 bila kukitafutia ukoo. Ukoo wake nimeupata kwa bahati. Usiku mmoja nilikuwa kwenye tovuti ya makumbusho ya Metropolitan ya New York, natafuta picha za kanga za zamani, na kama kawaida ya mtandao nikapelekwa nisikotumwa. Mbele yangu pakajaa vikadi, mamia kwa mamia: mabondia, ndege, samaki, bendera, maharamia, malkia, wapiga makasia. Chini ya kila kimoja pameandikwa kwamba kilitoka kwenye pakiti ya sigara, miaka ya 1880. Nikakikuza kimoja. Kikaniuliza habari za golikipa.

Kilikuwa cha Annie Oakley, yule mwanamke bingwa wa shabaha aliyezunguka na maonyesho ya Buffalo Bill. Kadi ina urefu wa sentimita 7 na upana usiofika 4, yaani inaenea kwenye kiganja cha mtoto. Kampuni ni Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, mwaka 1887, mfululizo wa mabingwa wa dunia. Ukizidi kuikuza, shavu la bibi huyu linavunjika kuwa vidoto: vya waridi, vya kahawia, vya manjano, vimemwagwa kama mtama juu ya ungo. Ndivyo ilivyokuwa chapa ya rangi enzi zile. Mchoraji anachora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, mawe bora yakitoka Solnhofen huko Bavaria. Jiwe linalowanishwa, wino unashika penye mafuta na kukataa penye maji. Rangi moja, jiwe moja. Kadi yenye rangi nane imepita kwenye mawe manane, na kila mara karatasi lazima ilale pale pale ilipolala mwanzo, la sivyo mdomo unahamia kidevuni. Kazi yote hiyo kwa ajili ya kitu anachopewa mtu bure.

Nikageuza upande wa nyuma, maana makumbusho wamepiga picha pande zote mbili. Hapo hakuna mchoro. Kuna orodha. Majina yote 50 ya mfululizo, yamepangwa kwa mchezo: besiboli, ngumi, mieleka, makasia, biliadi, shabaha. Kwa hiyo mtu aliyempata Annie Oakley alikuwa anaambiwa papo hapo, kwa maandishi, mambo 49 ambayo hana.

Nilicheka peke yangu sebuleni. Mtu aliyebuni orodha ile ndiye babu wa mtu aliyeweka namba kwenye bablish yangu.

Lakini tuanze na mashine, kwa sababu bila mashine kadi hizi hazina maana. Kabla ya miaka ya 1880 sigara ilisokotwa kwa mkono. Viwanda vya Richmond vilijaa wasichana waliokaa kwenye mabenchi wakisokota tangu asubuhi, na aliyekomaa kazini alitoa sigara nne hivi kwa dakika. Allen & Ginter wakatangaza zawadi ya dola 75,000, fedha ya kutisha kwa wakati ule, kwa atakayeunda mashine ya kuifanya kazi hiyo. Kijana wa hapo hapo Virginia, James Bonsack, akaiunda na kupata hataza yake mwaka 1881. Mashine ilivuta karatasi kutoka kwenye roli kama utepe, ikaimwagia tumbaku kwa usawa, ikaukunja utepe kuwa sigara moja ndefu isiyo na mwisho, halafu kisu kinachozunguka kikaikata vipande. Sigara 200 hivi kwa dakika. Allen & Ginter wakaijaribu, kisha wakaikataa.

Aliyeichukua ni James Buchanan Duke wa Durham, North Carolina, ambaye biashara ya familia yake ilikuwa ndogo mbele ya vigogo wa Richmond na New York. Aprili 1884 mashine ikafanya kazi siku nzima bila kugoma, ikatoa sigara zipatazo 120,000. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Marekani ilikuwa imeshusha kodi ya sigara kutoka dola 1.75 hadi senti 50 kwa kila elfu moja. Duke akakata bei: pakiti ya sigara 10 ikawa senti 5, nusu ya ilivyokuwa.

Sasa balaa. Nani azivute? Mwanamume wa Kimarekani wa wakati ule alitafuna tumbaku na kutema, au alivuta kiko, au sigara nene ya majani matupu. Hiki kijisigara cha karatasi wengi walikiona ni mambo ya vijana wa mjini wanaojishaua. Ukiwa na ng'ombe anayetoa ndoo 100 kwa siku na kijiji kizima kina vikombe 10, maziwa si shida yako tena. Shida yako ni kiu. Duke alilielewa hilo mapema kuliko wenzake, na mwaka 1889 pekee alitumia dola 800,000 kwenye matangazo.

Kadi ndiyo iliyokuwa tangazo lake la bei rahisi, na haikuanza kama tangazo. Pakiti za mwanzo zilikuwa za karatasi laini. Ukiiweka mfukoni na ukakaa, sigara zinapinda. Ndipo wakatia kipande cha karatasi ngumu katikati ili kuzishikilia. Kipande kitupu ni hasara, kikaandikwa jina la kampuni. Jina tupu linachosha, ikawekwa picha. Picha moja inazoeleka, zikawekwa nyingi. Nyingi bila mpangilio zinasahaulika, zikapewa namba na orodha. Kila hatua ilikuwa ndogo, na sidhani kama kuna aliyekaa mezani siku moja akapanga yote. Wala wenye sigara hawakuwa wa kwanza kugawa picha. Paris, duka kubwa la Au Bon Marché lilishawazoesha watoto kudai vikadi vya rangi mama zao wakienda kununua vitambaa. Kilichokuwa kipya kwa sigara ni kwamba kadi ilifichwa ndani. Huioni mpaka umeshalipa.

Hapo ndipo nilipotoa kalkuleta. Nataka unifuate kidogo, hesabu yenyewe si ngumu.

Tuseme kadi zote 50 zimetiwa kwenye pakiti kwa wingi sawa, na wewe huna wa kubadilishana naye. Pakiti ya kwanza lazima ikupe kadi mpya. Ya pili karibu hakika. Unakwenda vizuri, na ukifika pakiti ya 34 hivi, kwa wastani, umeshapata nusu, kadi 25. Unajiona umekaribia. Kumbe sasa marudio yanaanza kukutembelea. Kadi 10 za mwisho peke yake zitakula pakiti 146. Na ile moja ya mwisho, ukiwa na 49 mkononi, kila pakiti ina nafasi moja kati ya 50 ya kuwa nayo, kwa hiyo kwa wastani utanunua pakiti 50 kuifuata. Jumla ya safari nzima ni kama pakiti 225. Sigara 2,250. Kwa bei ya Duke, dola 11 na senti 25.

Nusu ya kwanza pakiti 34, nusu ya pili 191. Tazama hizo namba mbili zilivyokaa. Faida yote iko kwenye mapengo ya mwisho. Picha ulizonazo kampuni ishapata pesa yake na imezisahau. Inayokulipisha kila siku ni ile usiyonayo. Nilivyozijua namba hizi nilimsamehe kidogo yule mtoto wa chupa ya robo tatu. Namba 7 peke yake, kama walimtia kwa haki, ilihitaji kwa wastani bablish 24, shilingi 480. Kama walimtia kwa haki.

Ilikuwepo pia njia ya kukwepa bahati, na nayo ilipitia dukani. Ukikusanya kuponi kutoka kwenye pakiti na kuzituma, kampuni ilikupelekea albamu nzuri ya mfululizo mzima, picha zote zimechapwa tayari kwa rangi. Huna haja ya kubandika. Naona hapo wataalamu wale walijichanganya wenyewe, maana albamu iliyokamilika haina hamu ndani yake. Watoto waliendelea na madaftari yao ya kubandika kwa gundi ya unga.

Sitaki nionekane mtu wa kulaani tu. Nyumba nyingi za wafanyakazi wakati ule hazikuwa na picha ya rangi ukutani, labda kalenda. Ghafla baba anarudi na ndege wa Marekani mfukoni, kesho samaki, keshokutwa bendera ya nchi ambayo mwalimu hajawahi kuitaja. Mtoto maskini wa Richmond aliweza kupanga sakafuni bendera za dunia. Raha ile ilikuwa ya kweli. Mimi pia, majina ya nchi za Kombe la Dunia la 1994 niliyajua kwa bablish kabla ya kuyajua kwa jiografia.

Kadi ninazozipenda kuliko zote hazina rangi kabisa. Ni za Goodwin & Co. wa New York, sigara zao zikiitwa Old Judge, zilizotoka kati ya 1886 na 1890. Hizi ni picha halisi za kamera, za kahawia, karatasi yake ikipakwa ute wa yai kabla ya dawa, kisha ikabandikwa kwenye kadi. Wachezaji wa besiboli zaidi ya 500 wamo, wengi kwa mikao kadhaa. Kamera za siku hizo hazikuweza kumkamata mtu anayekimbia na mpira unaoruka, kwa hiyo wachezaji waliingizwa studio, na zile za New York nyingi zilipigwa na Joseph Hall huko Brooklyn. Unamwona baba mzima mwenye masharubu, amevaa jezi ya sufu, amesimama mbele ya pazia lililochorwa miti, ameinua mikono kudaka mpira ulio hewani. Kuza picha. Juu ya mpira kuna mstari mwembamba unaopanda mpaka nje ya fremu. Ni uzi. Mpira umening'inizwa darini. Anaukodolea macho kwa bidii zote kana kwamba unakuja na upepo, na uzi ule uko wazi miaka zaidi ya 130.

Picha nyingine hazikuwa za kuchekesha. Duke na wenzake waligawa kadi chungu nzima za waigizaji wa kike waliovaa nguo za kubana, miguu wazi, mabega wazi kwa kiwango cha wakati ule. Wateja walikuwa wanaume, na wavulana waliojifunza uanaume kwa macho. Mchungaji mmoja alilalamika, na malalamiko yakamfikia Washington Duke, baba mtu, Mmethodisti wa kusali kweli. Oktoba 1894 mzee akamwandikia mwanawe barua kwamba matangazo ya namna hiyo tangu zamani anayaona ni makosa, yanaharibu vijana, na isitoshe yanawapa maadui wa sigara silaha. Ninaipenda barua hiyo kwa sababu ya hiyo isitoshe. Mzee wa watu anaanza na Mungu na kumalizia na biashara, na huwezi kujua ni ipi iliyomkosesha usingizi.

Kisha kuna kadi ambazo sikuweza kuzipita haraka. Mwaka 1888 Allen & Ginter walitoa mfululizo wa machifu 50 mashuhuri wa Wahindi Wekundu, kama tulivyofundishwa kuwaita. Umechorwa kwa ufundi wa hali ya juu, manyoya yanang'aa, shanga unaweza kuzihesabu. Sitting Bull yumo. Wakati kadi yake inazunguka mifukoni alikuwa hai, na miaka miwili baadaye, Desemba 1890, aliuawa kwa risasi na polisi waliotumwa kumkamata. Geronimo yumo pia. Yeye mwaka ule alikuwa mfungwa wa vita, amesafirishwa mbali na nchi yake tangu alipojisalimisha mwaka 1886, na hakurudi mpaka kufa. Mtu amenyang'anywa milima, na sura yake inagawiwa kama nyongeza kwenye sigara 10. Baadaye, uzeeni, Geronimo alipopelekwa kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa, alikuwa akiwauzia watazamaji picha zake mwenyewe na sahihi yake. Wengine wanaona aibu katika hilo. Mimi naona mzee aliyeielewa biashara na kutaka fungu lake.

Kampuni ya W. S. Kimball ya Rochester nayo ilitoa mfululizo ambao jina lake, kwa Kiswahili, ni kama "Machifu na Watawala Washenzi na Nusu-Washenzi". Niliusoma mara mbili. Nusu-washenzi! Mtu alikaa na mizani akapima. Nikataka kukasirika vizuri, halafu nikakumbuka neno lenyewe nimelitoa wapi. Pwani tumewaita watu wa bara washenzi kwa vizazi, sisi tukijiita waungwana, na hatukuhitaji kadi. Hasira ikapungua makali, ikabaki kama kijiti kwenye jino.

Januari 1890 vita vya bei vilipomchosha kila mtu, kampuni tano kubwa ziliungana: Duke, Allen & Ginter, Kimball, Kinney na Goodwin. Ikazaliwa American Tobacco Company, Duke akiwa mkuu wake. Na hapo kadi zikapungua Marekani, kwa sababu iliyo wazi. Ukishawameza washindani wako, unamvutia mteja amkimbie nani?

Zikahamia Uingereza. W. D. & H. O. Wills wa Bristol walikuwa na mashine ya Bonsack tangu 1883, na katikati ya miaka ya 1890 wakatoa mfululizo wa meli na wa wanajeshi. John Player wa Nottingham akatoa majumba ya kale. Waingereza waliipenda mno biashara hii, na kizazi baada ya kizazi watoto wao walisimama nje ya maduka ya tumbaku kuwaomba wanaume waliotoka na pakiti mpya wawape picha. Sigara yako, picha yangu. Mtoto hajavuta hata moja na tayari anajua jina la kila sigara mjini.

Duke akawafuata huko huko. Mwaka 1901 alinunua kampuni ya Ogden's ya Liverpool. Waingereza wakashtuka, wakaungana kuwa Imperial Tobacco. Wakapigana kwa bei na zawadi. Mwaka 1902 wakapatana. Kila mmoja abaki kwao, na dunia iliyobaki wagawane kupitia kampuni mpya ya pamoja, British American Tobacco. Dunia iliyobaki ndiyo sisi. Sigara walizovuta babu zetu kuanzia Nairobi hadi Jinja, kwa sehemu kubwa, zilitokana na mapatano yale.

Sisi watoto wa Tanga kadi za sigara hatukuziona. Nchi ambayo sigara inauzwa moja moja, pakiti ni ya Mangi, si ya mvutaji. Lakini pakiti tupu tuliziokota. Tulizichana, tukazinyoosha, zikawa noti za mchezo. Pakiti iliyozagaa kila jalala ilikuwa shilingi 10. Ya sigara ya bei, 100. Na ile iliyoangushwa bandarini na baharia, yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma, hiyo ilikuwa elfu nzima, na mwenye nayo aliweza kununua nyumba ya udongo, gari la makopo na mke. Hakuna mtu mzima aliyetupangia bei hizo. Tulizipanga wenyewe, na tulizipanga kwa uadimu tu. Nikifikiria sasa, Duke asingekuwa na la kutufundisha.

Uadimu umewafikisha wengine mbali. Kati ya 1909 na 1911 American Tobacco walirudia kadi za besiboli, na humo kuna ya Honus Wagner, ambayo uchapaji wake ulisimamishwa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema alitaka alipwe. Zimebaki kadi 60 hivi. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Makumbusho ya Metropolitan yana Wagner wao, na yule aliyewapa ndiye mtu ninayemfikiria zaidi kuliko Duke. Jefferson Burdick, kapera wa Syracuse, fundi wa kuunganisha vifaa vya umeme kiwandani, hana utajiri wowote. Tangu ujana alikusanya kadi, na alipoona hakuna anayejua zipo ngapi, akazitungia katalogi. Herufi N ni karne ya 19, T ni ya 20, kisha namba. Wakusanyaji wanaitumia mpaka leo. Baridi yabisi ilimla viungo taratibu. Kuanzia 1947 alianza kuupeleka mkusanyiko wake makumbusho, vipande zaidi ya 300,000, na baadaye akawa anakwenda mwenyewe New York, anakaa kwenye meza ndogo, anazibandika kwenye albamu kwa gundi. Naam, gundi. Mfanyabiashara wa kadi wa leo akisikia hivyo anashika kichwa, maana kadi iliyobandikwa bei imekufa. Vidole vilishajikunja, akaendelea kubandika. Januari 1963 akamaliza ya mwisho, akavaa koti kwa shida, akawaaga kwamba hatarudi tena. Machi mwaka huo huo akafariki.

Nilipofika hapo ilikuwa saa nane usiku na bando limekata. Asubuhi nikanunua jingine, nikampigia Kipara. Kipara tumekua naye, sasa ana duka la vipuri vya pikipiki Muheza. Nikamsimulia yote, mashine, Duke, hesabu ya pakiti 225. Alisikiliza vizuri, isivyo kawaida yake. Nikamwambia nina hakika yule golikipa, namba 7, hawakumchapa kabisa, walituchezea watoto wa watu.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Walimchapa, bwana. Mimi nilikuwa naye."

"Wewe?"

"Nilimpata wiki ya kwanza. Nikamficha ndani ya jalada la daftari la hisabati."

"Tulikwenda Ngamiani kwa miguu, Kipara. Na wewe ulikuwepo."

"Ningekaaje nyumbani? Mngenishuku."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata mara moja, hata tulipokuwa wakubwa. Akacheka kwa aibu. Akasema kila aliyekuwa akimsaka golikipa alikuwa akimwachia yeye bablish na marudio yake, maana alijifanya amekata tamaa na mchezo, na tukamwonea huruma. Angemwonyesha, tungemfuata siku moja, basi, halafu kila mtu kwao.

"Sasa yuko wapi?"

"Nani, golikipa? Daftari mama aliwashia jiko la mkaa. Siku ya matokeo ya mtihani, unakumbuka?"